Anayefyonza Betri za Fausto

Siku gari la Fausto Liriano lilipokata sauti katikati ya uwanja wa besiboli, mimi nilikuwepo, nimekalia kreti ya bia, nauza soda. Ilikuwa Jumapili ya mashindano. Magari mawili yanawekwa kuangaliana kama majogoo, milango ya nyuma wazi, spika zimepangwa mpaka darini, na kila mmoja anapiga muziki wake hadi mwenzake afunikwe. Upande huu Chago na pikapu yake nyekundu. Upande ule Fausto na gari lake jeupe la mizigo, alilolipa jina La Malcriada, yaani binti asiye na adabu.

Lilianza vizuri. Besi ilipiga mpaka chupa zangu zikagongana ndani ya kreti. Kisha wimbo ulipofika pale penyewe, pale watu wanaponyanyua mikono, taa za dashibodi zikafifia, sauti ikakwama kooni, amplifaya zikajizima. Kimya. Muziki wa Chago ukaingia ndani ya kimya kile kama maji yanavyoingia shimoni.

“Mpeni maziwa huyo mtoto!” mtu akapiga kelele. “Ana njaa!”

Uwanja mzima ukacheka. Fausto hakuliangalia gari. Alimwangalia Wilkin.

Wilkin alikuwa shemeji yake, mdogo wake Nereida, mke wa Fausto. Kijana mpole, mrefu, fundi umeme wa magari, na kila waya uliokuwa ndani ya La Malcriada ulipita mikononi mwake. Siku ile alikuwa amesimama karibu na boneti, mita mkononi, akitikisa kichwa. Nilimwona Fausto akimtazama kwa muda mrefu kupita kiasi, na nikajua tu kwamba kuna kitu kimeanza.

Jumamosi iliyofuata waliliegesha gari mbele ya duka langu, wakalifungua. Mimi duka langu liko ng’ambo ya barabara, linatazamana na nyumba yao, kwa hiyo hata nisipotaka kuona, naona.

“Shemeji,” Wilkin akasema, nusu ya mwili wake imo ndani ya gari, “hizi amplifaya zako zinakunywa umeme kama ng’ombe wa kiangazi, na wewe umeziwekea mrija wa soda. Ona huu waya. Nje mnene, ndani aluminiamu. Umepigwa.”

“Si wewe uliyeufunga?”

“Niliufunga wewe ulipouleta. Nilikwambia tutafute shaba tupu, ukasema shaba baadaye.”

Alibadilisha waya wote kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri za nyuma, akaweka shaba nene kama kidole gumba. Akakwangua rangi pale waya wa hasi unapokaza kwenye bodi, mpaka bati likang’aa. Alteneta yenyewe akaitoa, akafunga kubwa iliyotoka kwenye lori lililopata ajali. Jioni wakawasha. Besi ikapiga, na sindano ya kipima volti pale kwenye dashibodi haikutikisika. Ilikaa juu ya kumi na nne kama imegundishwa.

“Umeona?” Wilkin akacheka. “Sasa binti ameshiba.”

Furaha yao haikuchukua muda. Kwenye nyumba ya jirani, ile waliyopakana ukuta kwa ukuta, sufuria ilianza kugongwa dirishani. Don Leocadio huyo. Alipiga tarumbeta kwenye bendi ya manispaa miaka mingi, mpaka kifua kilipomharibikia. Mtu mwenye sikio lile, ukimwekea La Malcriada chini ya dirisha, ni kama umemmwagia mchanga kwenye sahani. Polisi aliwaita mara nyingi hata wakawa wanajua njia bila kuuliza.

“Zimeni uchafu huo!” sauti yake ilitoka nyembamba, imekatika katikati.

“Kanunue pamba uzibe masikio, mzee!” Fausto akamjibu. Walikuwa wameacha kusalimiana tangu mwaka uliotangulia.

Sasa kuna jambo moja ambalo mtaa wote ulilijua. Nyuma ya gari kulikuwa na betri nne. Mbili Fausto alizinunua. Mbili alizing’oa kwenye inveta ya nyumbani kwake mwezi wa kwanza, akamwahidi Nereida kuwa atazirudisha wiki ijayo. Kwetu umeme unakatika kila siku iendayo kwa Mungu, mchana zaidi, na ukikatika nyumba zenye inveta zinaendelea na mambo yao. Nyumba ya Fausto ilibaki na inveta ukutani jikoni, haina betri, Nereida ameitundikia mifuko ya vitunguu.

Baada ya matengenezo yale zilipita wiki chache tu. Fausto akapata kazi ya kupiga muziki kwenye sherehe ya binti anayetimiza miaka kumi na mitano. Binti akaingia na gauni lake, baba yake amemshika mkono, wimbo ukaanza, na La Malcriada likazima palepale. Binti akalia. Baba yake akasema maneno ambayo sitayarudia.

Kesho yake Fausto alikuja dukani kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mkataji wa nguo kiwandani, zamu ya mchana. Hakununua kitu. Aliegemea kaunta, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

“Mama Mechi, nikuulize. Asubuhi nikiondoka, betri ziko juu, kumi na mbili na pointi saba. Jioni nikirudi, kumi na moja na kitu. Gari halijatoka. Limelala hapo kibandani kama mbwa. Nani amekula umeme wangu?”

“Labda betri zimechoka, mwanangu.”

“Zote nne? Kwa pamoja? Zimepatana?” Akatazama nyuma yake. “Kuna mtu anazibadilisha. Anachukua nzuri, ananiachia mbovu.”

Siku hiyohiyo aliomba chupa ya rangi ya kucha kwa mpwa wake, akaweka nukta nyekundu chini ya kila betri, mahali ambapo mtu asingeangalia. Jumapili akazigeuza moja moja. Nukta zote zilikuwepo.

“Basi hakuna aliyezibadilisha,” nikamwambia.

“Basi zinafyonzwa,” akasema. Badala ya kutulia, akazidi.

Akanunua mnyororo na kufuli, akafunga milango ya nyuma, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira. Kwa siku chache betri zilikaa juu. Kisha zikaanza tena kushuka. Akalichunguza kufuli kwa tochi, akaona mikwaruzo midogo kwenye tundu la ufunguo. Alikuja kunionyesha kama mtu anayeonyesha jeraha.

“Nani hapa mtaani anaweza kufungua kufuli bila ufunguo? Nani ana mikono ya hivyo?”

Nikaendelea kufuta kaunta. Wilkin ndiye aliyenifungulia duka mwaka jana nilipopoteza funguo, tena Fausto alikuwepo, akapiga makofi.

Nami nilikuwa nimeshaona jambo ambalo sikulisema. Mchana, Fausto akiwa kiwandani, pikipiki ya Wilkin ilikuwa inakuja mara kwa mara. Inaingia uani, inakaa, inaondoka kabla ya zamu kuisha. Nilijiambia mtu haulizwi kwa nini anamtembelea dada yake. Lakini jicho langu lilianza kumfuata, na kila alipopita kunisalimia, “Shikamoo, Mama Mechi,” niliitikia nikiwa natazama begi lake la vifaa.

Kisha ikaja habari ya Chago. Kijana anayenipelekea oda za wateja kwa pikipiki alimwona Wilkin kwenye gereji ya Chago, wanakula pamoja mkate wa nyama, na Wilkin akatoka na kitu kizito kimefungwa kwenye gunia. Habari hiyo ilimfikia Fausto kabla jua halijatua. Mtaa wetu hauhitaji redio.

“Umesikia?” akaniambia. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. “Anakula na Chago. Sikukuu ya mtakatifu wetu hii hapa, Jumapili, mashindano makubwa kuliko yote. Nikinyamaza tena pale, nimekwisha. Na Nereida…” Akaigeukia nyumba yake. “Nereida kila asubuhi ananiuliza nitarudi saa ngapi. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza. Wewe unakaa hapa siku nzima. Kuna mtu anakuja nyumbani kwangu?”

“Muulize mkeo, Fausto.”

“Nikimuuliza atanijibu. Nataka kuona.”

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, aliingia dukani kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameomba ruhusa kiwandani kwa kusingizia jino. Nyuzi za nguo bado zilikuwa zimemganda kwenye shati. Akajibanza nyuma ya magunia ya mchele, pale ambapo kuna ufa wa kuonea barabarani. Nilitaka kumfukuza. Lakini niseme kweli, nami nilitaka kuona.

Tulikaa. Wateja wawili watatu walikuja, nikawahudumia, yeye akijikunyata. Kisha friji yangu ikanguruma, ikanyamaza. Umeme umekatika. Mtaa mzima ukatoa ile “aaah” yake ya kila siku.

Hata watu hawajamaliza kulalamika, pikipiki ya Wilkin ikaingia kwa kasi. Hakupiga hodi. Nereida alikuwa ameshafungua geti, anamngoja. Wilkin akaenda moja kwa moja kibandani, akainama kwenye kufuli, mnyororo ukaanguka. Milango ikafunguliwa. Akaingia na waya.

“Umeona?” Fausto alininong’oneza. Nilisikia pumzi yake shingoni. “Umeona, Mama Mechi? Kikulacho…”

Hakumalizia. Aliruka kaunta, akavuka barabara bila kutazama, na pikipiki moja nusura imgonge.

“Mwizi!” Sauti ilifika mpaka kanisani. “Mwizi! Ndani ya nyumba yangu! Chago amekulipa nini?”

Wilkin aligeuka, na kabla hajafungua mdomo ngumi ilimkuta. Akayumba, akaushika mlango wa gari. Damu ikamtoka puani. Watu walitoka kila nyumba, wengine na vijiko mkononi. Wilkin hakurudisha ngumi. Alinyoosha mkono mbele tu, kama mtu anayezuia gari.

“Shemeji, usiguse waya. Nipige ukitaka, lakini waya usiguse.”

Kumwambia Fausto asiguse ilikuwa ni kumtia petroli. Alizishika waya mbili nene zilizotoka kwenye betri na kuingia dirishani jikoni, akazivuta kwa nguvu zake zote. Cheche ikaruka. Moja ikang’oka na kishikio chake.

Ndipo tukasikia, kutoka nyumba ya jirani, mlio mwembamba usiokatika. Piiiiii.

Nereida alitoka mbio jikoni. Sijawahi kumwona mwanamke yule akipiga kelele, lakini siku ile alipiga.

“Rudisha, Fausto! Gomba baadaye! Mzee anakufa!”

“Mzee gani?”

Nereida alikuwa ameshakimbilia kwa jirani. Fausto akabaki ameshika waya, anaufuatilia kwa macho kutoka dirishani kuingia jikoni. Akaufuata. Nami nikamfuata yeye. Waya uliingia kwenye ile inveta ya ukutani, ambayo vitunguu vilikuwa vimeondolewa. Kutoka kwenye inveta ulitoka waya mwingine mwembamba, ukapita juu ya sinki, ukatokea tundu lililotobolewa ukutani, ukaingia kwa Don Leocadio.

Tulipofika chumbani kwake, mzee alikuwa ameketi kitandani, mikono imeling’ang’ania godoro, midomo ina rangi ya zambarau mbivu. Pembeni ilisimama mashine ya oksijeni iliyotumwa na binti yake kutoka Nueva York, ile inayolia ikikosa umeme. Mrija ulikuwa puani mwake, lakini haukuwa unaleta kitu. Nereida alikuwa anamshika mgongo, anamwambia taratibu, taratibu.

Fausto alisimama mlangoni. Akageuka akakimbia.

Kishikio kilikuwa kimeharibika, hakikuweza kukaza. Basi Fausto alipiga magoti nyuma ya gari, akaukandamiza waya kwenye betri kwa mikono miwili, huku Wilkin, damu inamdondoka kwenye shati, akiufunga kwa waya mwembamba na koleo.

“Kaza.”

“Nimekaza.”

“Usiachie.”

“Siachii, bwana, funga!”

Mlio ukakatika. Mashine ikaanza kupumua, na baadaye kidogo, mzee naye.

Ingekuwa hadithi nyingine, wangekumbatiana hapo. Lakini Don Leocadio alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, “Huyu anafanya nini chumbani kwangu?” Maana Fausto alikuwa amerudi, amesimama pale amejaa grisi.

“Ni umeme wake, Don Leocadio,” Nereida akasema. “Ni betri za gari.”

“Uliniambia ni betri za kanisa.”

“Nilikudanganya. Ungekataa.”

Mzee akaunyakua mrija, akautoa puani. “Sitaki pumzi inayotoka kwenye takataka ile. Nimemwitia polisi huyu. Sitaki deni naye.”

“Vaa mrija wako, mzee,” Fausto akasema.

“Sivai.”

“Vaa! Ukifa leo, mtaa mzima utasema nimekuua mimi. Unataka kunifunga?”

“Gari lako limenitoboa kichwa mwaka mzima.”

“Na wewe umeninyonya, nikatukanwa mbele za watu kwenye sherehe. Haya, tumelipana. Vaa.”

Walitazamana. Kisha mzee akaanza kukohoa, kukohoa kukageuka kitu kama kicheko, na Nereida akamrudishia mrija naye hakukataa.

Kibandani Wilkin alikuwa ameketi juu ya ndoo, kitambaa puani. Fausto akasimama mbele yake. Watu walijifanya wanaondoka.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Dada aliniapisha. Na wewe ungekubali? Sema kweli.”

Fausto akainama, akauokota mnyororo.

“Mara ya kwanza umeme ulikatika mchana kutwa,” Wilkin akaendelea. “Akaniita analia. Inveta ipo, betri hamna, betri ziko ndani ya gari lako. Nikaunganisha. Baada ya hapo ningeachaje?”

“Na Chago?”

“Chago aliniazima chaja. Umeme ukirudi tunazijaza kabla hujaja. Chaja kubwa nilikuomba wewe, ukasema alteneta inatosha. Wakati mwingine umeme haukurudi mapema, ukazikuta chini. Ndiyo hadithi yote.” Akasimama, akatoa mfukoni msumari aliouchonga wa kufungulia kufuli, akauweka juu ya gari. “Uliniita mwizi mbele ya watu hawa. Hao ndio wateja wangu, Fausto.”

Alikuwa amezoea kumwita shemeji. Akaiwasha pikipiki, akaondoka.

Jioni ile nilisikia sauti zao mume na mke hadi dukani, kisha hazikusikika tena, na baadaye Nereida alikuja kununua barafu ya kumpelekea kaka yake. Nilimuuliza kama wamepatana.

“Ameniambia nilimdanganya,” akasema. “Nikamwambia na yeye alichukua betri za nyumba yangu. Akaniambia, nilidhani… Nikamwambia, najua ulichodhani, ulikwenda kumuuliza mpaka Mama Mechi.” Akanitazama usoni. “Hatujapatana. Lakini betri anazitoa sasa hivi.”

Kweli alizitoa. Zile mbili za nyumbani zilirudi jikoni, na ya tatu akaiongezea, ili mashine idumu hata umeme ukikatika siku nzima. Jumapili alikwenda kwenye mashindano na betri moja. Waya ule mnene wa Wilkin ulikuwa bado upo na alteneta ilikuwa bado kubwa, lakini betri moja haiwezi kubeba amplifaya zile zote, kwa hiyo alizima nusu ya spika. La Malcriada halikukata sauti safari hii, ila liliimba kwa adabu, na Chago akalifunika bila jasho. Nyuma ya pikapu nyekundu, mita mkononi, alikuwa amesimama Wilkin.

Maana Wilkin alikwenda kufanya kazi kwa Chago. Kabla ya hapo hakuwahi kuwa mtu wa Chago hata siku moja. Kufikia Jumamosi wateja wake wa mtaani walikuwa wamemkimbia. Mtu akisikia neno mwizi hasubiri mwisho wa hadithi, na Chago peke yake ndiye aliyempa benchi na kufuli la kufungia vifaa vyake.

Mwezi wa kumi na mbili nilimwona Fausto anavuka barabara na bakuli lililofunikwa kwa taulo, amevaa shati la Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne.

“Unakwenda wapi umependeza hivyo?”

“Nereida amepika wali wa mbaazi na nyama ya nguruwe. Ni vya kaka yake.” Akalirekebisha taulo. “Kila siku hupeleka mwenyewe. Leo nimemwambia nitapeleka mimi.”

Yaliyotokea huko gereji ya Chago alinisimulia mwenyewe aliporudi. Wilkin alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu tu. Fausto akasimama akasema, “Shem, chakula.” Miguu haikusogea. Akasema tena, “Nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watu, na nimeshawaambia watu haohao, kila mmoja, mlango kwa mlango.” Hilo ni kweli, hata kwangu alikuja akasema, kofia mkononi.

Wilkin akatoka chini ya gari. Akalipokea bakuli, akalifunua, akamrudishia taulo, akanusa.

“Mwambie dada asante,” akasema. Akaingia ndani, akarudisha geti la gereji taratibu, bila kulibamiza.

“Hakulibamiza, Mama Mechi,” Fausto aliniambia, akiwa ameegemea kaunta, taulo tupu limemning’inia begani. “Umesikia? Amelirudisha tu.”